Moyo wa Leonida Uliodunda Ng'ambo

Wiki ya pili baada ya kumzaa Dominic, wifi yangu Leonida alianza kulala ameketi. Akijinyoosha kitandani alisema maji yanampanda kifuani. Mdogo wangu Martini, mume wake, alimpangia mito nyuma ya mgongo, naye Leonida akaegemea hapo hadi kukicha, mtoto mapajani. Miguu yake ilikuwa imejaa. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Mama yetu, Bibiana, alisema ni mambo ya uzazi, uvimbe utashuka wenyewe. Haukushuka.

Aliyemjua Leonida kabla ya hapo asingeamini. Alizaliwa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye nyumba ya Wairaqw wakulima wa vitunguu. Alipanda huku kwetu Oldeani msimu mmoja kuchuma kahawa, akakutana na Martini, hakurudi tena. Sisi ni watoto wa vibarua wa Kinyaturu waliotoka Singida. Martini alizaliwa kambini, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, akabaki kambini na mama, mimi nikaolewa Karatu mjini. Pale kwenye shamba msitu wa Ngorongoro unaishia mistari ya kahawa inapoanzia, na mbogo hutoka wanapotaka. Asubuhi moja mmoja alisimama mwisho wa mstari, wachumaji wakatupa vikapu wakakimbia. Leonida alijibana nyuma ya mti wa kahawa, akatulia kama kisiki mpaka mnyama akaenda zake. Kisha akaokota vikapu vya wenzake na kuwaita, "Rudini, bwana harusi ameshapita." Mwanamke huyo sasa alikuwa anaogopa kujinyoosha kitandani.

Hospitalini Karatu walimpima kwa ile mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo. Niliuona mwenyewe, kiza na weupe, kuta zake zikisogea kidogo kidogo kama mtu anayepunga mkono kwa uchovu. Daktari alisema msuli wa moyo umelegea. Ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake karibu na kujifungua au miezi michache baadaye, na hajui kwa nini ukampata yeye. Alimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vingine vya kuusaidia moyo. Akakataza chumvi. Akasema pia, akimtazama Martini, kwamba mimba nyingine inaweza kumuua, kwa hiyo wapange uzazi. Martini aliinamisha kichwa. Tukiwa nje alisema, "Dada, mimi watoto wawili wananitosha. Naomba tu mama yao."

Dawa zilifanya kazi. Miguu ilirudi kuwa ya kwake, akaanza kulala kwa mto mmoja. Mama aliichukulia amri ya chumvi kama amri ya kanisa. Alitoa kopo la chumvi jikoni, akapika chakula cha nyumba nzima bila chumvi, na aliyenung'unika aliambiwa akale kwa jirani.

Kwenye kliniki ya moyo ndipo tulipokutana na Daktari Resiato. Ni Mmaasai wa Nainokanoka, kule juu kwenye baridi, kwa wafugaji, dada mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa kwenye utafiti wa moyo wa akina mama waliojifungua, akataka kuomba damu ya Leonida. Siku hiyo mama alikuwa nasi.

"Ninyi Wamaasai mmechoka damu ya ng'ombe?" mama akauliza.

"Ng'ombe wamepungua, mama," Resiato akajibu bila kuinua macho. "Na huyu mkwe wako ni Mwiraqw. Babu zake walichukua ng'ombe wetu. Nachukua kidogo tu, tuwe sawa."

Mama alicheka hadi akafuta macho. Leonida hakucheka. Aliuliza damu inakwenda wapi.

Resiato alieleza polepole. Kila seli mwilini ina kazi yake, ya damu ni ya damu, ya ngozi ni ya ngozi. Huko maabara, nchi ya mbali, wanachukua seli ya damu na kuisahaulisha kazi yake. Inarudi kuwa kama zilivyokuwa seli za mtu alipoanza tu kutungwa tumboni, hana mkono wala jicho. Hapo wanaiita seli shina. Kisha wanailea kwa dawa mpaka igeuke kuwa msuli wa moyo.

"Halafu mnamwekea?" Martini akauliza, na uso wake ulikuwa umefunguka.

"Hapana. Kwanza wanataka kujua kwa nini msuli wa mama aliyejifungua unalegea, na dawa ipi inausaidia. Wapo wanaojaribu kutengeneza kiraka cha msuli, kishonwe juu ya moyo ulioumia. Bado ni majaribio. Leonida, sitaki uondoke hapa ukidhani kiraka hicho ni chako."

"Kiraka," mama akasema. "Kama cha suruali."

"Kama cha suruali, mama. Ila hiki lazima kidunde."

Leonida alisomewa masharti yote kwa Kiswahili, akaambiwa akikataa matibabu yake hayabadiliki. Akakubali. Damu ilijaza vichupa, tukarudi nyumbani, na kwa muda hatukulizungumza tena jambo hilo.

Kisha, siku moja kliniki, Resiato akatuonyesha video. Alifanya hivyo kwa nia njema. Alidhani Leonida atafurahi. Kwenye simu kulikuwa na sahani ndogo ya maabara, ndani yake kitu cha kijivu kama utando wa uji uliopoa, na ule utando ulikuwa unadunda. Ulikaza, ukaachia, ukakaza. Hakuna aliyeugusa.

"Ni nani huyo?" Leonida akauliza.

"Si mtu. Ni seli zako. Zilianza kudunda zenyewe."

"Mimi niko hapa."

"Ndiyo, wewe uko hapa. Hizo zimetokana na damu yako."

Leonida aliweka kiganja kifuani na hakukiondoa hadi tulipofika stendi.

Kuanzia siku ile alikuwa na moyo mahali pawili, na wa pili ulikuwa mikononi mwa watu asiowajua. Hakuna maneno yangu yaliyomtoa hapo. Alinipigia simu karibu kila jioni: "Wifi, muulize daktari kama zinadunda." Nikiuliza nikajibiwa zinadunda, alipumua, na kesho akauliza tena. Radi ilipopiga na umeme wa duka la kambini ukazimika, aliniuliza kama umeme wa huko nao hukatika. Nikasema wana jenereta. "Na jenereta ikikosa mafuta?" Moyo wake ukienda mbio ghafla, alisema wamezitikisa. Ukitulia sana, alisema wamezisahau. Aliniambia alijaribu kulinganisha mapigo yake na yale aliyoyakumbuka kutoka kwenye video.

"Hayalingani," alisema. "Yale yana haraka. Yanakimbilia wapi?"

Mama alijaribu kwa njia yake. "Mimi nimezaa watoto sita, hakuna hata mmoja aliyedunda nje yangu."

"Wote sita tunadunda nje yako, mama," nikamwambia.

"Nyamaza wewe."

Kliniki iliyofuata Leonida mwenyewe alimweleza Resiato hofu yake, akitazama sakafu. Daktari alivuta kiti karibu.

"Ukisukwa saluni, nywele zako zinabaki pale chini. Wakizifagia, wakazichoma, kichwa kinakuuma?"

"Hakiumi."

"Basi na hizi ni hivyo hivyo."

"Nywele hazidundi, daktari."

Resiato akavuta faili, akaanza kuandika tarehe ya kliniki ijayo. Na mimi nikaingiwa na baridi. Nilisoma baiolojia hadi kidato cha nne. Najua kilichotoka mwilini kimetoka. Lakini nilikuwa nimekiona kile kitu kikikaza na kuachia.

Pasaka Dominic alibatizwa. Ndugu wa Leonida walipanda kutoka Baray, na kaka yake Raphaeli akaleta vitunguu na nusu gunia la magadi ya Eyasi, yale mawe meupe ambayo mama huyasifu kuliko ya dukani. Leonida alimbeba mtoto mwenyewe hadi kwa padri. Baada ya chakula alicheza kidogo, akachoka, akaketi. Martini alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama chungu kisianguke.

Masika yakakolea. Barabara ya shambani ikawa tope, ukungu ukishuka toka msituni na kukaa juu ya nyumba za kambi mchana kutwa. Nilikuwa Karatu, dukani kwangu, Resiato aliponipigia. Alisema ana habari ambayo ni wajibu wake kuitoa, na anaomba nimsaidie kumwambia Leonida taratibu. Vijidudu viliingia kwenye seli zake kule maabara. Zile zilizokuwa zinadunda zimetupwa, na zile za akiba pia, maana zilikuwa na vijidudu vile vile. Kama Leonida atapenda, wataomba damu nyingine. Kama hatapenda, basi.

"Hazipo kabisa?" nikauliza.

"Hazipo."

Nilimpigia Martini badala ya Leonida. Nilisikia mvua upande wake nilipokuwa nikimweleza. Kisha akasema, "Dada, miguu yake imeanza kuvimba tena. Tangu juzi."

Sikuweza kufunga duka vizuri. Nilirudi mara mbili kuvuta kufuli. Nilipofika kambini, Martini alikutana nami nje ya ukuta wa jiko. Alikuwa ameloa.

"Usimwambie," alisema. "Tumpeleke tu hospitali, tuseme ni siku ya kliniki."

"Anajua siku za kliniki kuliko sisi."

"Basi tuseme lolote."

Tuliingia. Leonida alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, na kutoka mlangoni nilisikia anavyovuta pumzi. Alimtazama Martini, akanitazama mimi, na matope ya viatu vyangu.

"Zimekufa," alisema.

Mama aliacha mwiko kwenye sufuria akaja kusimama mlangoni.

"Nilijua," Leonida akasema. "Nilizisikia zikiondoka."

Hakulia. Akaanza kusema mambo ya nyumba kwa sauti ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Sofia, binti yao mkubwa, ahamie kwangu asome Karatu. Dominic asipewe maziwa ya ng'ombe mabichi. Vitenge viwili vipya ni vya dada yake wa Baray. Alisema huku akisimama kuvuta hewa kati ya neno na neno. Martini alimshika mkono, akamwambia twende hospitali, pikapu ya shamba ipo.

"Kufanya nini? Moyo wenyewe umeshatupwa. Watatibu nini, kibuyu?"

"Leonida."

"Niache nikae na mtoto wangu."

Martini alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mtu mzima, akamwomba kwa ajili ya watoto, kwa ajili yake, kwa Bikira Maria. Leonida alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nilitazama ule mkono wake kifuani na nikaamini. Nasema kweli, kwa muda ule niliamini kwamba kuna uzi kutoka kitanda kile hadi kwenye sahani ng'ambo, na umekatika.

Mama ndiye aliyeingia katikati. Sauti yake ilikuwa ile ya kugombeza kuku.

"Wewe Mama Sofia, sikiliza. Ukifia humu ndani, ndugu zako wa Baray watasema nani kakuua? Watasema mama mkwe. Mnyaturu mchawi. Nitaweka wapi sura yangu? Kama ni kufa, kafie hospitali kwa wenye vyeti."

Leonida alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikageuka kikohozi, akakohoa povu. Alipopata pumzi alisema, "Mama, wewe nawe," na akanyoosha mikono abebwe.

Pikapu iliteleza njia nzima. Nilikaa nyuma nikimshikilia, turubai juu yetu, na kila ilipokwama nilihesabu kwamba ndiyo basi.

Walimpokea, wakampa hewa ya mtungi, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke kijana wa kutoka Nainokanoka, jina lake Naipanoi, aliyejifungua karibuni. Naye alikuwa ameegemezwa mito, naye akivuta hewa kwa shida. Wawili hao waliangaliana. Kufikia asubuhi Leonida alikuwa ametoa maji mengi na anaweza kumaliza sentensi. Lakini alikaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Kila mlango ulipofunguka alishtuka.

Mama alikuja mchana na chakula kwenye hotpoti: ugali na mlenda. Wakati wa masika majani ya mlenda yamejaa kila mahali, na mama alikuwa akimpikia karibu kila siku, kwa kuwa unateremka kirahisi kwa mgonjwa. Muuguzi wa zamu, mama wa Dodoma aitwaye Edna, aliuliza maswali yale ya kawaida. Vidonge alikuwa anakunywa? Vyote. Chumvi?

"Nyumba yangu haina hata punje," mama akasema, amekasirika. "Tunakula kama wafungwa."

Edna akatazama hotpoti. "Mlenda wa nyumbani. Mama, naonja." Alikata ugali, akachovya, akautia mdomoni. Alitafuna mara chache, akaacha. "Umeweka magadi."

"Mlenda bila magadi ni mlenda huo?"

"Mengi?"

"Ya kutosha. Chumvi ilipokatazwa chakula kilipooza, mgonjwa akawa hali. Nikaongeza magadi. Tuna magadi mazuri ya Eyasi, kaka yake ametuletea. Naweka kwenye mlenda, kwenye maharage, kwenye makande."

Edna alimeza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mkono, maana ni mtu mzima. "Mama, ile chumvi daktari aliyoikataza, kinachovuta maji mwilini kimo pia ndani ya magadi. Tena kingi. Ni ndugu wa tumbo moja. Sisi tulisema chumvi tukanyamaza. Ilitupasa kutaja na magadi."

Mama alitazama hotpoti yake. Alianza kuifunga kifuniko, kikakataa kukaa, akajaribu tena. "Nilikuwa namlisha," alisema. "Kwa mkono wangu. Kila siku nilikuwa..."

"Mama," Leonida akasema kutoka kwenye mito, "mbona ulikuwa mtamu."

Mama akajifunika uso kwa khanga.

Resiato alikuja jioni. Edna alikuwa amemweleza habari za magadi, na daktari alisema watataja magadi kwa kila mgonjwa kuanzia siku ile, hata kwa Wamaasai, maana kuna wanaoyalamba pamoja na ng'ombe wao. Hakuna aliyecheka. Leonida alikuwa na swali moja.

"Zilitupwa lini?"

"Hilo nimeuliza," Resiato akasema. "Mimi niliambiwa wiki hii. Lakini zilitupwa kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka."

"Wiki ile ya Matawi."

Leonida aligeuza uso dirishani. Niliona anahesabu: kanisani, mtoto mikononi, chakula, ngoma. Muda wote huo zilikuwa hazipo, na yeye alikuwa bado amesimama.

"Sikusikia kitu," alisema mwishowe.

"Hukusikia kwa sababu hakukuwa na cha kusikia."

Nilidhani sasa atapumua. Lakini uso wake ulizidi kukaza, na nilipoelewa sababu, na mimi nilishika chuma cha kitanda.

"Kwa hiyo ni huu huu tu," alisema, kiganja kifuani. "Hakuna mwingine popote."

"Ni huo huo."

"Na ni mbovu."

"Ni dhaifu. Ukila vizuri na ukimeza dawa unaweza kwenda nao miaka mingi. Wako waliopona kabisa. Wako ambao hawakupona. Sijui wewe utakuwa upande upi, Leonida."

Martini alisema basi, mambo ya damu yaishie hapo, hataki tena kusikia habari za maabara. Resiato akakubali, akasema hajaja kuomba. Alikuwa amekwisha kusimama.

"Kile kiraka," Leonida akasema. "Kitakuwa tayari lini?"

"Sijui. Huenda kisiwe kwa ajili yako. Huenda kikamfaa mwanamke mwingine, miaka ijayo."

Naipanoi alikuwa anajaribu kujisogeza juu ya mito yake, hawezi. Mama yangu aliinuka, akamsukuma mgongo taratibu mpaka akakaa sawa. Leonida aliwatazama wote wawili kwa muda.

"Chukueni," alisema. "Lakini video sitaki. Zikidunda, zidunde hukohuko."

Martini akasogea pembeni. Edna alileta vichupa, akamfunga mpira juu ya kiwiko. Leonida aliweka kiganja cha mkono wa pili kifuani. Edna akamshika imara, akachoma.